Kipengele cha Tisa

Ndoo mia nne na kumi na mbili,
asali nyeupe ya At-Bashy,
nzito kama samli iliyolala.
Lori lilipinduka kilomita sita chini ya kilele cha Dolon,
saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba,
breki zinanuka,
dereva Toktosun akatambaa kutoka dirishani
na kiatu kimoja.

Mimi niliitwa siku ya tatu,
maana kampuni yetu hufika msibani
wakati matanga yanaanuliwa.
Mwenye mali, Aijarkyn, aliuza kondoo saba
kulipia ada ya bima,
na alinipigia simu mara sita
kabla sijashuka garini.

Nilikuja na mizani, kalamu na mkataba:
Bima ya Mali Ziendazo kwa Nchi Kavu,
kurasa kumi na nne, herufi kama mayai ya chawa.
Kupinduka: tunalipa.
Moto, mafuriko, maporomoko ya mawe: tunalipa.
Wizi: tunalipa, endapo mwizi ametumia nguvu.
Kipengele cha tisa,
kasoro iliyomo ndani ya bidhaa yenyewe:
hatulipi, hata ukilia.

Hakuna aliyeniambia kuhusu nyuki.

Sauti yao niliisikia kabla ya kona,
nikadhani ni jenereta ya polisi.
Jua lilikuwa limeilegeza asali, ikateremka mtaroni,
na juu yake wao,
wakipakia na kuondoka, wakipakia na kuondoka,
bila hati ya shehena, bila muhuri wa mtu.
Toktosun amekaa juu ya tairi la akiba,
mdomo umeumuka kama andazi.
"Nilijaribu kuwafukuza," alisema.

Nikahesabu. Ndoo nzima, mia na themanini na tisa.
Zilizopasuka, mia mbili na tatu.
Ishirini hazionekani.
(Askari wa barabarani walinipa mkono,
viganja vinanata; nikafungua ukurasa mwingine.)
Chanzo cha hasara ya ziada:
hapo kalamu ikagoma.

Wizi? Mwizi gani huiba mchana kweupe
huku akiimba?
Lakini nguvu ametumia; uliza mdomo wa Toktosun.
Au ndicho kile kipengele cha tisa,
kwamba kasoro ya asali ni utamu,
na aliyeipakia amepakia na mwaliko?

Nikampigia bosi, Bwana Kadyraliev, kule Bishkek.
Akacheka, kisha akakumbuka cheo chake.
"Tukishalipa, haki ya mwenye mali inahamia kwetu.
Tafuta nani amefaidika. Mdai."

Fuata nyuki, walisema wahenga.
Hawakusema ubebe fomu ya madai.

Niliwafuata kwa miguu, viatu vya ofisini,
hadi kwenye mizinga thelathini ya buluu
na bibi mmoja, Saadatkan,
ndani ya koti la marehemu mumewe,
mikono imekunjwa mara tatu.
Ukame umechoma maua ya mteremko wote, akasema.
Mwezi wa sita nilifagia nyuki waliokufa
kwa koleo.
Akainua kifuniko: masega meupe pe,
yamejaa hadi ukingoni.
"Sikuuliza yametoka wapi," akasema.
"Wewe ungeuliza?"

Kazi yangu ni kuuliza.
Fomu ilikuwa mfuko wa ndani, imekunjwa mara nne,
nikisogea inalia kama jani kavu.
Akamimina chai. Akasogeza bakuli, akaweka kijiko.

Kwenye ripoti nimeandika:
Umwagikaji uliotokana na kupinduka.
Kilichomwagika hakikuokoleka.
Alipwe yote.

Mchovya asali, nanyi mnajua mwisho wake.
Kijiko kilirudi bakulini mara ya pili,
na baada ya hapo sina takwimu,
mimi niliyeajiriwa kuhesabu.